Bunduki Ikikohoa

Kambini, 3 Juni

Mdogo wangu Fundi,

Dereva wa lori anapiga honi huku naandika, kwa hiyo mwandiko ukipinda usimwambie Mama kwamba nimeanza kunywa. Sisi wazima. Mumeo mzima, anazidi kunenepa, na bado haongei. Jana alitembea mbele yangu saa sita nzima akisoma nyayo za nyati, na neno alilosema ni moja tu: "Majike." Wageni wetu wa kuwinda wanadhani ana hasira nao. Nimewaambia kwamba hapa tunamwita Kimya, na siku akianza kuongea ndipo waogope.

Ndani ya mfuko huu kuna maganda ishirini ya risasi ulizonijazia mwezi uliopita. Yote ishirini. Yahesabu, maana najua utayahesabu hata nikikuapia.

Sasa kaa kitako nikuambie jambo ambalo halitakupendeza. Mgeni wetu wa wiki hii amekuja na bunduki ya magnamu ya mia nne kumi na sita. Fundi, ile ndiyo risasi. Kichwa chake kinene kama kidole gumba cha Mama. Aliniazima bunduki yake nikammalizie nyati aliyemjeruhi, na nyati hakupiga hata hatua mbili, alikaa chini kama mtu aliyeletewa kiti. Bega langu limevimba, hilo sikatai. Lakini mia tatu sabini na tano yetu, hicho kibiriti cha Baba unachonijazia kila mwezi, ingemwachia nyati yule nafasi ya kufikiri. Miaka yote nakuambia kibiriti ni cha kuwashia jiko, na wewe hunisikii. Kampuni iko tayari kunipa bunduki ya Kumi na Sita msimu huu huu. Mimi nataka kukubali.

Kilichonichekesha ni kimoja. Mgeni huyo naye anajaza risasi zake kwa mkono nyumbani kwake, na juzi tulipokuwa tunalenga shabaha bunduki yake ilikohoa. Tok, basi. Ganda halikuwa na chembe ya baruti, fataki ya kuwashia peke yake ilikisukuma kichwa kikakwama katikati ya mtutu. Naye anapeleka mkono apandishe risasi ya pili. Nilimpokonya bunduki kama anavyopokonywa mtoto kisu. Nikamwambia alivyotuambia Baba: bunduki ikikohoa usipige tena, mtutu utakupasukia usoni. Tulikitoa kile kichwa kwa fimbo ya chuma na nyundo.

Kimya nimempa siku tano aje kukuona. Mpe yeye sanduku jingine la ishirini. Na unijibu kuhusu Kumi na Sita, ila usinitukane.

Kaka yako


Nyumbani, 9 Juni

Kaka,

Maganda nimeyahesabu. Ni ishirini.

Sikutukani. Nakuuliza tu, ulipoipiga hiyo Kumi na Sita ulikuwa umefumbua macho? Jibu kweli. Najua kichwa chake ni kizito kuliko cha kwetu, mimi ni mtu wa mizani, sibishani na mizani. Lakini teke lake linamfanya mtu akunje uso kabla hata ya kugusa kifyatuo, na aliyekunja uso hapigi anapotazama. Bunduki yenyewe nzito, ukiibeba kutwa mkono unachoka, na mkono uliochoka unachelewa. Sabini na Tano unaipiga macho wazi. Kichwa chake kinatosha kumpita nyati kutoka bega hadi bega kikiwekwa mahali pake. Wewe na bunduki ya Baba mmezoeana kama mtu na kiatu cha zamani, na huko unakoingia si mahali pa kuzoea kiatu kipya. Mwambie bosi wako ahsante, abaki nayo. Nikisikia umebadilisha nitapanda lori nije kukuvua mwenyewe.

Na usinilinganishe na mgeni wako, anayejaza risasi huku anatazama mpira. Miaka kumi na tisa nafanya kazi hii na sijawahi kukohoza bunduki ya mtu. Kila ganda linakula baruti yake mbele ya macho yangu. Ambalo halijala linalala mdomo chini kwenye ubao, lililokula linasimama mdomo juu, kama Baba alivyotuwekea. Mwisho namulika tochi kila mdomo nione baruti imefika shingoni, ndipo naweka vichwa. Chumba hicho haingii mtu, hata mume. Kimya anakijua kwa mlango tu.

Ishirini hizi nimezimaliza leo mchana. Nilikatizwa mara moja, Mama alitaka kuinuliwa kitandani, halafu nikaendelea. Mtu wako alikuwa amekaa barazani amevaa viatu tangu saa nane, kwa sababu nilimwahidi kwamba safari hii hataondoka bila sisi kupigwa picha. Miaka sita ya ndoa hatuna hata moja. Mpiga picha anafunga saa kumi na moja. Tulifika amekwisha kushika kufuli, akacheka, akafungua tena. Picha itakuwa tayari baada ya wiki tatu.

Mlete salama. Mama anakusalimu, anasema kidole chake gumba si kinene.

Fundi


Kambini, 2 Julai

Mdogo wangu,

Siku ya maziko ulinitazama kutoka upande wa pili wa kaburi ukingoja niseme, na mimi nikatazama viatu vyangu. Halafu nikapanda lori kabla watu hawajatawanyika. Una haki ya kujua, kwa hiyo naandika.

Ilikuwa asubuhi ya tarehe 26. Mgeni alimpiga nyati vibaya, tumboni, nyati akaingia kichakani. Tulimwacha mgeni garini, tukaingia sisi wawili. Kimya mbele anafuata damu, mimi nyuma yake na bunduki ya Baba. Nyati alikuwa amezunguka anatungoja. Alitoka kushoto kwetu, hatua kumi na tano. Kimya alijitupa pembeni anipe nafasi, kama tulivyozoea. Nafasi niliipata. Nilipiga, nikakosa. Nyati akamfikia.

Hakukaa sana. Zaidi ya hapo sitakuambia.

Risasi yako haina kosa lolote, nataka hilo ulishike. Sabini na Tano ni risasi bora kabisa kwa nyati, yote uliyoniandikia ni kweli, na wewe umekuwa fundi kumpita Baba. Mkono wangu ulitetemeka. Ni mimi.

Nisamehe ukiweza. Usipoweza nitaelewa.

Kaka yako


Nyumbani, 11 Julai

Kaka,

Hatua kumi na tano nimezipima uani. Ni kutoka mlango wa jikoni hadi kwenye kamba ya nguo. Mama aliniona dirishani nikihesabu hatua, akadhani nimechanganyikiwa. Kambani kulikuwa na shuka. Mtoto anaweza kusimama mlangoni akalipiga shuka lile kwa jiwe, na nyati ni mpana kuliko shuka.

Mwaka jana ulinitambia miezi mitatu jinsi ulivyompigia mgeni swala anayekimbia, hatua mia mbili, upepo unavuma. Kwa mgeni mkono wako ulitulia. Kwa mume wangu ukatetemeka. Alijitupa pembeni akupe nafasi, umeandika mwenyewe. Alikuamini. Mimi ndiye niliyemwambia akuamini, alipoogopa mara ya kwanza kwenda nawe kichakani. Nilimwambia, huyo ni kaka yangu, akiwa nyuma yako usigeuke.

Niliolewa na mtu asiyeongea na nikadhani nimezoea ukimya. Sikuujua. Alikuwa akigonga sufuria kwa kijiko anapopika, akikohoa akifika mlangoni ili nisishtuke, akiburuta kiti. Nyumba ilikuwa imejaa kelele. Ukimya ndio huu wa sasa.

Bunduki ya Baba ilete. Lete na risasi zilizobaki na maganda yake. Kitu cha Baba hakitakaa mikononi mwako tena. Wewe usije. Mama akiuliza namwambia una kazi nyingi, na ukiandika tena isiwe ya kuomba msamaha, maana sina.

Fundi


Kambini, 29 Julai

Fundi,

Nimepokea. Yote uliyosema nimeyasoma.

Sanduku la risasi hili hapa. Zilizobaki ni kumi na tano. Nne nilizipiga kwenye shabaha, maganda yake yamo. Ya tano ni ya siku ile. Ganda lake lilipotea kichakani. Nakuomba hizo kumi na tano usimpe mtu yeyote azitumie. Zivunje, baruti uimwage.

Bunduki haiwezi kuja kwa sasa. Wakaguzi wa wanyamapori wameichukua kwa uchunguzi.

Siongozi wageni tena. Nimeomba kuwekwa stoo, natoa mafuta na vipuri. Ni kazi nzuri, haina mtu anayetembea mbele yako.

Ukiona vyema, msalimie Mama.

Kaka


Nyumbani, 16 Agosti

Kaka,

Nilikuambia usiandike kuomba msamaha, nawe hukuomba. Lakini barua yako imeninyima usingizi kuliko kama ungeomba.

Nikuulize. Tangu nianze kukujazia risasi, ni maganda mangapi umewahi kupoteza? Nitakujibu mimi. Hakuna. Siku ile ya mafuriko ulivuka mto na maganda mdomoni, Kimya ndiye aliyenisimulia, na alitumia maneno matatu mazima. Ganda ulilopoteza ni hilo moja tu.

La pili. Wakaguzi wameichukua bunduki kwa uchunguzi, wakakuachia sanduku la risasi. Wakaguzi gani hao?

La tatu ndilo linaloniuma. Nimeisoma tena ile barua ya tarehe 2. Mara ya kwanza niliisoma kwa hasira sikuona kitu. Umeandika kwamba Sabini na Tano ni risasi bora kabisa kwa nyati. Kaka, wewe? Tangu Baba yuko hai hujawahi kuisifu. Siku ya harusi yangu, badala ya kunitakia heri, ulisimama mbele ya watu ukasema unampa pole bwana harusi kwa kuoa ukoo wa kibiriti. Mtu aliyekosa kwa kibiriti angekitukana. Angesema laiti ningekuwa na Kumi na Sita. Angeniambia ni mimi niliyemkataza. Hukusema. Umenisifu ufundi kama mtu anayemfunika mgonjwa shuka.

Zile kumi na tano nimezivunja kama ulivyotaka, ila sikuimwaga baruti. Nimeipima moja baada ya moja kwenye mizani ya Baba. Zote zimekula sawasawa, hakuna iliyopungua hata punje. Ningepaswa kufurahi. Badala yake nilikaa nikitazama mashimo ishirini ya ubao, kumi na tano ya hizi na manne ya zile ulizopiga, na lile shimo moja.

Nakuuliza mara moja, na unijibu kama ulivyokuwa ukimjibu Baba. Ilikohoa?

Fundi


Kambini, 28 Agosti

Mdogo wangu,

Haikukohoa. Nilikosa. Mtu anaweza kukosa, hata mimi. Maganda nayo yanaweza kupotea, na nilikusifia kwa sababu umefiwa, sikujua kwamba kukusifia ni kosa la kuhojiwa. Acha kukaa na mizani hiyo. Funga chumba, utoke, ukakae na Mama barazani. Kama unatafuta wa kumchukia, mimi nipo, sijaenda mahali.

Dereva amebeba sanduku la bati la Kimya. Limekuwa chini ya kitanda changu muda wote huu, sikuweza kuligusa. Kuna blanketi, kisu chake, ile kofia, na karatasi zimefungwa kwa uzi. Sikufungua chochote.

Kaka yako


(Barua iliyokuwa kati ya karatasi hizo, haikuwahi kutumwa)

Kambini, 24 Juni

Mke wangu, Mizani wangu,

Lori litapita Ijumaa, nami leo Jumatano nimeanza kuandika, kwa sababu unajua mimi maneno hunijia moja moja kama ng'ombe wanaoingia zizini. Kaka yako anadhani siongei kwa sababu sina la kusema. Kwake hakuna nafasi. Anaongea hata akipiga mswaki.

Nimefika salama. Risasi zako nilizibeba mapajani njia nzima kama mtoto wa watu. Kaka yako amepiga nne kwenye ubao wa shabaha na zote zimeingia tundu moja, unaweza kulifunika kwa sarafu. Akazitazama, akasema, "Kibiriti kimewaka." Mbele yangu tu lakini, akaniambia nikikuambia atanikana. Amekataa ile bunduki kubwa ya kampuni. Anasema amefanya hivyo ili asitukanwe, ila mimi namjua. Anakusikiliza kuliko anavyomsikiliza mtu yeyote.

Picha ikitoka nitazame mimi kwanza. Kama nimefumba macho usiiweke ukutani. Nilikuwa najitahidi nisipepese, mpaka machozi yakanitoka, na wewe ukadhani nalia kwa furaha ukanishika mkono. Sikukusahihisha. Basi labda ilikuwa furaha.

Sasa nina kosa la kuungama, na naungama nikiwa mbali kwa sababu mimi ni mwoga. Mchana ule Mama alipokuita, nilichungulia chumba chako. Najua. Miaka sita nimekaa nje ya mlango ule kama kuku, nikataka tu kuona unapokaa. Nilisimama nyuma ya kiti chako. Panasafishwa kuliko jikoni. Nilipogeuka nitoke, kiwiko kikagusa ubao na kiganda kimoja kikaanguka sakafuni. Nikakiokota, nikakifuta vumbi kwa shati, nikakirudisha. Vingine umevilaza kichwa chini, maskini, vingine vimesimama. Hicho nilikisimamisha vizuri, wima, kama mtu, pembeni ya wenzake waliosimama. Halafu nikakimbilia barazani nikakaa kama malaika, na wewe ulipotoka hukugundua kitu. Kwa hiyo usinitanie tena kwamba unaona kila kitu.

Mlipie Mama salamu zake kwa kumkandia miguu. Nikirudi mwezi wa nane nitaingia chumba kile kwa mlango, na ruhusa, na utanieleza kwa nini wengine wanalala na wengine wanasimama.

Wako asiyeongea


Nyumbani, 9 Septemba

Kaka,

Ndani ya bahasha hii nimekutilia barua ya Kimya. Isome kwanza, halafu urudi kwangu.

Umeisoma. Sasa unajua ninachokijua. Alikisimamisha vizuri, wima, kama mtu.

Nimeisoma mara nyingi mpaka karatasi imelegea kwenye mikunjo. Kila nikifika hapo anapokifuta vumbi kwa shati nataka nimshike mkono. Lakini usidhani namtwisha yeye. Aliokota kitu changu kilichoanguka akakirudisha, basi. Nani angemfundisha? Mambo ya mdomo chini na mdomo juu tuliyajua watu watatu duniani, Baba na wewe na mimi, na mimi nilikifunga chumba kama kwamba ni siri ya serikali. Ningemwingiza siku moja tu nikamwonyesha, angekilaza.

Na kuna kingine, ambacho hakimo kwenye barua yake. Nilikuandikia kwamba mwisho namulika tochi kila mdomo. Ndivyo nifanyavyo. Siku ile sikumulika. Kalamu iliandika kwa mazoea. Nilirudi kutoka kwa Mama, nikalisha yaliyokuwa yamelala, nikatazama saa, nikamwona barazani na viatu vyake, nikasema moyoni, miaka kumi na tisa, leo nisipomulika itakuwaje. Nikaweka vichwa vyote ishirini. Tochi ilikuwa imening'inia kwenye msumari, mkono wa kulia. Ilikuwa dakika mbili, Kaka. Tulizipeleka kwa mpiga picha.

Picha imetoka. Hakufumba macho. Mimi ndiye niliyefumba.

Nimekuandikia maneno mabaya. Nilisema mkono wako ulitulia kwa mgeni ukatetemeka kwa mume wangu. Uliyabeba hayo ukijua, ukaomba kazi ya stoo, ukanirudishia risasi nizivunje kwa sababu uliogopa kuna nyingine. Na mimi nikamnyima Mama mtoto wake miezi miwili. Jana nilimwambia kila kitu. Hakulia mbele yangu. Aliuliza kama umekula.

Siwezi kukuomba msamaha kwa karatasi. Ila sitaki kubebewa tena. Nilitaka unijibu kama ulivyokuwa ukimjibu Baba, ukanijibu kama unavyomjibu mgonjwa. Nipe lile neno. Nina haki nalo, ni langu.

Fundi


Kambini, 17 Septemba

Fundi,

Ilikohoa.

Tok, kama ile ya mgeni. Niliijua kabla haijaisha. Zilikuwamo risasi mbili nyingine ndani ya bunduki na mkono wangu ulikwisha kufika kwenye komeo la kupandishia risasi, ukasimama. Nilimsikia Baba kabisa, nikamtii. Kimya alikuwa amejitupa pembeni, anangoja mlio. Haukuja. Akageuka kunitazama. Kwa hiyo alilazimika kugeuka, ingawa ulimwambia asigeuke nikiwa nyuma yake. Nilikimbia nikampiga nyati kwa kitako, usoni, mpaka kitako kikapasuka, na nyati akaondoka kwa wakati wake mwenyewe.

Wakaguzi hawakuchukua bunduki. Iko kwangu. Kichwa cha risasi nilikitoa mtutuni kwa fimbo peke yangu, na nilijua ukimulika mtutu utaona mikwaruzo. Ndiyo maana haikuja.

Kila siku najiuliza ningepiga tena ingekuwaje. Pengine mtutu ungepasuka na leo Mama angekuwa amezika wawili. Pengine usingepasuka. Sina mtu wa kumuuliza isipokuwa wewe, na wewe ndiye mtu pekee ambaye sikuweza kumuuliza.

Sikukudanganya kwa kudhani wewe ni mdhaifu. Niliona ukinichukia mimi utabaki na mtu wa kumchukia, na mchana utapita. Ukijichukia mwenyewe, ndani ya chumba kile, na mlango umeufunga, utakuwa na nani.

Barua ya Kimya nimeisoma nikiwa stoo, nikafunga dirisha la kutolea vitu, watu wakapiga kelele nje wanataka mafuta. Mimi mwenyewe sikuwahi kukisifu kibiriti mbele yako kwa moyo wa kweli. Yeye amenisemea.

Nakuja na lori la Ijumaa. Mwambie Mama nimekula. Bunduki ninayo, na ganda ninalo, sikulipoteza. Liko mfuko wa shati tangu siku ile, jeupe ndani, halina hata moshi wa baruti. Nitakupa mkononi. Ulilaze wewe mwenyewe kwenye lile shimo lake, mdomo chini.

Kaka yako